Namna ya Kumhudumia Mgonjwa wa Presha Kwenye Duka la Dawa

Mgonjwa wa shinikizo la juu la damu anayetibiwa katika hospitali za Mawenzi au KCMC hapa Moshi humwona daktari kwa dakika chache, kisha hupangiwa tarehe ya kurudi baada ya mwezi mmoja, miwili au mitatu. Kati ya tarehe hizo yuko peke yake na vidonge vyake, na mtu wa afya anayekutana naye mara nyingi zaidi ni yule anayehudumu kwenye duka la dawa, huko Mbuyuni, Majengo au Kiboriloni, anakopita kununua vidonge, dawa ya kikohozi, dawa ya magoti au nepi za mjukuu. Nimefanya kazi ya famasi hapa Moshi kwa muda wa kutosha kuona kwamba matibabu mengi ya presha huharibika katika siku hizo za katikati, kimyakimya, bila mgonjwa kuumwa popote. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba, kwa dunia nzima, takriban mtu 1 kati ya 5 wenye presha ndiye ambaye presha yake imedhibitiwa. Maelezo yafuatayo nimeyaandika kwa ajili ya wafamasia na watoa dawa wenzangu, ingawa mgonjwa na ndugu zake wanaweza kuyasoma ili wajue nini wana haki ya kukidai wanapofika kwetu.

Anza kwa kuuliza dawa zinamezwaje

Swali tulilozoea kuliuliza ni hili: "Unameza dawa vizuri?" Jibu lake ni "ndiyo", kwa sababu hakuna mtu mzima anayependa kukiri mbele ya foleni, tena mbele ya kijana wa umri wa mwanawe, kwamba hafuati alichoambiwa. Msalimie kwanza kwa heshima yake, msogeze pembeni ya kaunta, kisha uliza kwa namna inayomruhusu kusema kweli: "Shikamoo mama. Watu wengi kidonge huwapita siku moja moja. Wewe wiki hii iliyopita kimekupita siku ngapi?" Swali la namna hiyo limekwisha kukubali kwamba kusahau ni jambo la binadamu, na mama atahesabu siku zake bila aibu. Halafu linganisha anachosema na tarehe. Aliyenunua vidonge 30 siku 50 zilizopita, naye bado ana vichache nyumbani, amekwisha kukujibu hata kama hajafungua kinywa.

Ukishajua kwamba dozi zinarukwa, tafuta sababu kabla ya kushauri, kwa kuwa kila sababu ina dawa yake. Sababu ninayokutana nayo mara nyingi zaidi ni imani kwamba dozi huisha. Watu wetu wamejifunza dozi kutoka kwenye malaria, ambako dawa ya mseto humezwa siku 3 na kazi imekwisha. Kwa hiyo anayemaliza pakiti ya amlodipini na kukuta presha imeshuka huona kwamba amepona. Mweleze kwamba namba imeshuka kwa sababu kidonge kinafanya kazi, na kikiondoka namba itarudi ilikokuwa, pengine baada ya siku chache tu, huku yeye akijisikia mzima kabisa. Sisitiza hasa jambo la kujisikia mzima. Wengi hungoja kichwa kiume ndipo wameze, na presha inaweza kukaa juu miaka mingi ikiharibu moyo, figo na mishipa ya ubongo pasipo kichwa kuuma hata siku moja.

Sababu ya pili ni fedha. Yupo anayemeza siku moja na kuacha siku moja ili pakiti ifike mwisho wa mwezi, na yupo anayenunua vidonge vitano vitano kila anapopata hela. Huyu usimhubirie, keti naye mpige hesabu. Muulize kama ana bima na kama kituo anachotibiwa kina dawa ile, mwonyeshe kwamba dawa yenye jina halisi la kitaalamu iliyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, mara nyingi ina bei nafuu kuliko ileile yenye jina la biashara, na kama anatumia dawa mbili au tatu mwandikie daktari kuuliza kama kuna kidonge kimoja chenye dawa hizo pamoja. Ikibidi anunue kidogo kidogo, panga naye siku ya kurudi na uiandike, ili asikae hata siku moja bila kitu.

Zipo pia sababu ambazo hazisemwi kwenye kaunta. Wanaume kadhaa wameniambia, baada ya mazungumzo marefu na mlango umefungwa, kwamba waliacha vidonge kwa sababu ya nguvu za kiume. Baadhi ya dawa za presha zinaweza kuchangia tatizo hilo, na presha yenyewe isiyotibiwa nayo huleta tatizo lilelile. Mtu asipopewa nafasi ya kulisema ataacha dawa ya presha na kununua sildenafili mtaani, na kama wakati huohuo anatumia dawa za naitreti kwa ajili ya maumivu ya kifua, mchanganyiko huo unaweza kushusha presha yake ghafla kiasi cha kumuua. Kwa hiyo duka la dawa linahitaji kona moja ya faragha, hata kama ni kiti kimoja nyuma ya pazia.

Na usidharau dawa za asili anazozitumia. Mwaka 2011 watu wengi sana walipanda kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya asili, na simhukumu hata mmoja wao, kwa maana mtu aliyechoka kumeza vidonge kila siku hutafuta nafuu popote inapotajwa. Uliza tu kwa upole: kitunguu saumu, mlonge, choya, unatumia nini, na je, umeacha vidonge kwa ajili hiyo? Akijua kwamba hutamcheka, atakuambia.

Kupima presha dukani

Mashine ya mkononi ya kupimia presha ni kifaa chenye faida kubwa, lakini huweza kutoa uongo kila siku kwa sababu ya haraka yetu. Mteja ameshuka kwenye daladala ya Kibosho akiwa na kapu la ndizi, amepanda ngazi za duka, pengine amepitia kijiweni akanywa kahawa. Ukimfunga mkanda hapohapo umempima safari yake. Mwache akae angalau dakika 5, ameegemea kiti, miguu yote ikigusa sakafu bila kuikunja, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. Mkanda ufungwe kwenye mkono ulio wazi, si juu ya sweta, jambo linalohitaji uvumilivu katika baridi yetu ya mwezi wa Juni na Julai. Kama amekunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya nusu saa iliyopita, asubiri, na kama ana haja ndogo aende kwanza. Wakati mashine inapima, yeye asizungumze nawe usimzungumzishe.

Ukubwa wa mkanda hauzungumzwi inavyostahili. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ukweli, na nimewahi kukutana na mama aliyeishi na hofu ya presha mwaka mzima kwa sababu hiyo tu. Duka linalopima liwe na mikanda ya saizi angalau mbili. Siku ya kwanza pima mikono yote miwili, na tangu hapo tumia ule uliotoa namba ya juu zaidi. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, na zote ziandike kwenye daftari la mgonjwa pamoja na tarehe na saa.

Kuhusu maana ya namba, mtu hatajwi kuwa na presha kwa kipimo kimoja. Utaratibu unaofuatwa ni kwamba apatikane na 140 au zaidi kwa namba ya juu, au 90 au zaidi kwa namba ya chini, katika siku mbili tofauti. Mteja mgeni mwenye 150/95 mwambie arudi siku nyingine, na ikijirudia aende kituo cha afya. Usimwambie "una presha" na usimuuzie kidonge. Kwa aliyekwisha kuanza matibabu, lengo kwa walio wengi ni kubaki chini ya 140/90, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo, kisukari au figo namba ya juu hutakiwa iwe chini ya 130. Mweleze mgonjwa lengo lake yeye kwa namba. Nimeona wagonjwa waliotibiwa miaka sita hawajui wanalenga wapi, nao hutosheka kuambiwa "imeshuka kidogo".

Dawa nyingine anazochukua kwako

Hapa ndipo mfamasia anapoweza kufanya jambo ambalo daktari hana nafasi ya kulifanya, kwa sababu ni sisi tunaoona kila kitu anachonunua. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha na kupunguza nguvu ya dawa za kuishusha. Mzee mwenye magoti anayemeza diklofenaki kila siku pamoja na dawa za presha kama enalaprili au losatani na dawa ya kukojoa anaziweka figo zake hatarini, hata kama kila dawa aliandikiwa na mtu aliyekusudia mema. Mpe parasetamoli kwanza, mshauri kuhusu mazoezi mepesi na kupunguza uzito kama unamwelemea, na maumivu yakizidi apelekwe kwa daktari akiwa na orodha ya dawa zake zote. Dawa za mafua zenye kuzibua pua, zile zenye sudoefedrini au fenilefrini, nazo hazimfai. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaweza kupandisha presha ya mwanamke kijana ambaye hakuna aliyewahi kufikiri kumpima. Na prednisoloni au deksamethasoni, ambazo baadhi ya dada zetu huzimeza ili wanenepe, ni mwiko kuziuza kwa kazi hiyo kwa mtu yeyote, sembuse mwenye presha.

Kisha kuna mtego ulioninasa mimi mwenyewe, nami nausimulia ili mwenzangu asinaswe. Mwalimu mmoja alikuwa akinunua kwangu dawa ya kikohozi. Ilikuwa majira ya baridi, kila mtu anakohoa, nikampa chupa ya kwanza, ya pili na ya tatu, na ya tatu ikawa ya aina nyingine yenye bei kubwa zaidi. Ni pale alipokuja kuchukua vidonge vya presha ndipo nilipoona enalaprili kwenye cheti chake, iliyoanza wiki chache kabla ya kikohozi. Dawa za jamii hiyo, enalaprili, lisinoprili na kaptoprili, huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichosikia dawa yoyote ya kikohozi, na tiba yake ni daktari kubadilisha kidonge, mara nyingi kwa losatani au dawa ya jamii yake. Nilimwandikia daktari, dawa ikabadilishwa, kikohozi kikaisha. Lakini fedha ya chupa tatu ilikuwa imekwenda, na kibaya zaidi, alikuwa tayari ameanza kuruka vidonge vya presha kwa hisia zake mwenyewe kwamba havimpendi. Tangu siku hiyo, kila anayeomba dawa ya kikohozi cha zaidi ya wiki mbili namuuliza kwanza anatumia dawa gani za kila siku. Kikohozi cha muda huo kinahitaji pia kipimo cha kifua kikuu, kwa hiyo swali hilo haliwezi kuwa la bure.

Mfano unaofanana na huo ni miguu kuvimba kwa anayetumia amlodipini, hasa ya miligramu 10. Uvimbe huo hutokana na dawa kutanua mishipa midogo, na kumwongezea furosemidi, yaani dawa ya kukojoa, hakumsaidii sana. Ataongezewa safari za chooni na pengine kupungukiwa potasiamu. Hata hivyo usikimbilie kusema ni amlodipini tu, kwa maana miguu inayovimba pamoja na kukosa pumzi akilala chali inaweza kuwa dalili ya moyo kushindwa, na huyo anahitaji hospitali. Mdomo, ulimi au uso ukivimba kwa anayetumia enalaprili ni dharura ya saa ileile. Na anayetumia atenololi, dawa nyingine ya presha, asiiache ghafla kwa sababu yoyote, hata kama presha imeshuka vizuri, kwani moyo unaweza kupokea vibaya kukatishwa huko.

Katika yote haya, kumbuka mpaka wa kazi yako. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, lilikubali kwamba wafamasia na wauguzi wanaweza kushiriki katika kutoa matibabu ya presha, ila kwa masharti ya mafunzo, mamlaka ya kisheria ya kuandika dawa, taratibu maalumu na usimamizi wa daktari. Masharti hayo yasipokuwepo, hatubadilishi dozi wala aina ya dawa kwa uamuzi wetu. Anayehudumu kwenye duka la dawa muhimu abaki ndani ya orodha anayoruhusiwa.

Chumvi, magadi na ndizi

Ushauri wa chakula hauna faida ukitolewa kwa maneno ya kitabuni. Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa mtu mmoja, ikihesabiwa ya kwenye sufuria, ya mezani na ile iliyofichwa ndani ya mkate, viungo vya supu vya pakiti na soseji. Kwa watu wa Moshi na Arusha ongeza mambo mawili. La kwanza ni chumvi ya pembeni ya sahani ya nyama choma, ambayo mtu haihesabu kabisa. La pili ni magadi. Mama anayeyatia kwenye makande au maharage ili yaive haraka hajui kwamba magadi nayo yana sodiamu, ileile inayofanya chumvi iwe adui wa presha. Ukimwambia apunguze chumvi pekee, ataipunguza na magadi yatabaki palepale. Mshauri aloweke maharage usiku kucha, yataiva bila magadi.

Ndizi, kwa bahati njema, zina potasiamu inayosaidia kushusha presha, na mtori usio na chumvi nyingi ni chakula kizuri kwa mgonjwa. Isipokuwa mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia spironolaktoni, dawa ya kukojoa inayobakiza potasiamu mwilini. Huyo aulize kliniki kiasi anachoruhusiwa. Kuhusu mbege na pombe nyinginezo, mwambie ukweli kwamba kunywa sana hupandisha presha, na muulize kiasi anachokunywa kwa wiki, si kama anakunywa.

Mwezi wa Desemba

Kila mwisho wa mwaka mji wetu hujaa wanaorudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, na duka la dawa hupata wageni walioacha vidonge vyao kwenye kabati la mjini. Huja wakisema wanatumia "kile cheupe kidogo". Vidonge vyeupe vidogo ni vingi mno, na kukisia ni hatari. Mwombe apige simu nyumbani, mtu apige picha pakiti na kuituma. Ikishindikana, mpeleke kituo cha afya apimwe na kuandikiwa upya, hata kama ana haraka ya kupanda mlimani. Wale wanaoishi hapa wafundishe mapema wabaki na picha ya kila pakiti kwenye simu zao na karatasi yenye majina ya dawa ndani ya pochi. Wafundishe pia kwamba dozi iliyosahaulika humezwa pale mtu anapokumbuka, isipokuwa muda wa inayofuata umekaribia, na kwamba dozi mbili hazimezwi pamoja ili kufidia.

Wakati wa kumpeleka hospitali

Mtu akionyesha 180/120 au zaidi, mpumzishe dakika 5 na upime tena. Ikibaki hapo na ana maumivu ya kifua, pumzi inakata, upande mmoja wa mwili umelegea, maneno yanakwama, anachanganyikiwa, haoni vizuri au kichwa kinamuuma kuliko kawaida yake, aende hospitali mara moja akiwa na mtu wa kumsindikiza, wala asipande bodaboda peke yake. Dalili za kiharusi zinatosha kumpeleka hata namba zikiwa chini ya hapo. Ikibaki juu bila dalili, aonwe na daktari siku hiyohiyo. Usimpe nifedipini chini ya ulimi kwa nia ya kuishusha upesi. Zamani ilifanyika, ikaachwa kwa sababu presha inayoporomoka ghafla huweza kuunyima ubongo na moyo damu.

Mjamzito ana hesabu yake. Kuanzia 140/90 apelekwe kliniki siku hiyo, na akifikia 160/110, au akiwa na maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu au maumivu ya juu ya tumbo, ni dharura. Enalaprili na losatani hazimfai mjamzito kwa sababu humdhuru mtoto, hivyo kila mwanamke wa umri wa kuzaa anayepewa dawa hizo aelezwe kwamba akihisi ana mimba arudi haraka kubadilishiwa, na asiache tu dawa akabaki bila kitu.

Unapompeleka mtu, mpe karatasi. Iandike namba zote mbili za vipimo na saa, dawa anazotumia na dozi zake, dozi zilizorukwa, na dawa nyingine alizonunua kwako, pamoja na jina na simu ya duka. Daktari anayepokea karatasi ya namna hiyo huokoa muda mwingi, naye huanza kukupigia simu kabla ya kuongeza dozi. Nakala ya maelezo hayo ibaki kwenye daftari lako mahali pasipoonwa na wateja wengine, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu sisi pia. Kwenye ukurasa huohuo andika tarehe ambayo vidonge vyake vitaisha, na siku tatu kabla ya hapo, kama ameridhia, mpigie simu.